Katambuga za Baba

"Babu, tupande mwendokasi, bajaji, au niite gari?" mjukuu wangu aliniuliza juzi, nilipomtembelea Dar. Nikamwambia aite gari. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini malori nimenunua mwenyewe, nauli hainitishi. Gari likaja, mlango ukafunguliwa, na harufu ya mpira mpya wa kukanyagia ikanisimamisha pale pale.

Nilikuwa mtoto. Baba alinitoa kijijini kwetu Nyakahura tukaenda Mwanza kuwasalimia wakwe wa dada yangu, maana alitaka wajue kwamba binti yake ana kwao. Stendi ya Mwanza wapiga debe walimvuta huku na huku mpaka akachagua teksi. Ndani ilikuwa na zulia. Baba akavua katambuga zake mpya za tairi, akazipanga vizuri chini nje ya mlango, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Teksi ikaondoka.

Tulipofika, akapapasa chini kwa miguu, asizione. Dereva akacheka. "Mzee, umeziacha zilinde stendi?"

Baba aliingia ukweni peku, akaketi, akaificha miguu chini ya kiti. Kila mama mkwe wa dada alipopita na chai, Baba aliikunja zaidi. Visigino vyake vilikuwa na nyufa, na udongo wetu mwekundu ulikuwa umejaa humo. Mimi nilitazama ukuta mpaka tulipoaga.

"Babu, ingia basi, dereva anasubiri."

Nikajiangalia. Kiatu cha kulia kilikuwa tayari mkononi mwangu. Mjukuu wangu alikuwa ametazama upande wa pili.