Damu ya Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja hapa Kigoma, nilimkuta Mkuu wa Maabara amelala kitini, mdomo wazi, darubini mbele yake. Nilikohoa. Akafungua jicho moja.

"Sijalala, binti. Najitunza kama seli shina."

Nyinyi vijana mnajua kila kitu, lakini nitaeleza hivyo hivyo. Ndani ya mifupa kuna uboho, ule tunaoufyonza kwenye supu bila haya. Humo wamo mama wa damu yote, seli shina, na nyingi zimelala. Mkuu alizifananisha na wavuvi wa dagaa mbalamwezi inapowaka: wako nyumbani, nguvu wanazo, wanangoja kuhitajiwa. Mtu akitokwa damu nyingi, mwili unaziamsha, zinajigawa, zinazaa chembe nyekundu, kisha zinarudi kulala. Zikifanya kazi bila kupumzika zinachakaa. Mkuu alikipenda mno kipengele hiki cha mwisho, na alikitumia kujitetea kwa Mganga Mfawidhi, msimamizi wa hospitali nzima.

Baadaye nilihamishiwa Ilagala, nikapima malaria mpaka nikawa naota vimelea. Niliporudishwa mjini, Mkuu alikuwa bado anajitunza.

Ndipo akaletwa Salome wa Rusimbi. Alikuwa amejifungua salama, lakini damu haikati. Akiba ya kundi lake ilikuwa imekwisha, mumewe hakulingana naye, na ndugu zake walikuwa bado njiani kutoka Kasulu. Aliyelingana alikuwa mmoja tu, baba mkwe wake, Mzee Ntakije.

"Haiwezekani," mzee akasema. "Huyu ni mkamwana wangu. Hata mkeka mmoja sikai naye."

"Shikamoo tena, mzee," nikamwambia. "Hakuna mkeka hapa. Tunaomba damu tu."

"Ndiyo mbaya zaidi, Daktari! Damu yangu ikimwingia, anakuwa binti yangu. Mwanangu atakuwa ameoa dada yake! Na yule mtoto nitamwita nani?"

Sikuwa daktari, ila haikuwa saa ya kumsahihisha. Nilitaka kucheka, na nilikuwa naogopa sana. Mwanawe alikuwa amepiga magoti, analia, "Baba, atakufa." Mzee naye machozi yalimtoka, lakini mkono alikuwa ameuficha nyuma.

Mkuu akaamka, safari hii macho yote mawili.

"Mzee, zinazozaa damu ni seli shina, na zako zinabaki mifupani mwako. Tunachukua chembe nyekundu, na hizo hazizai. Zitamsaidia miezi michache, basi, zinakufa. Wakati huo seli shina zake mwenyewe zitakuwa zimeamka, zinamjazia damu yake ya Kasulu."

"Yangu haibaki?"

"Haibaki."

"Na hizi zangu zikiamka kujaza pengo, nani atazilaza?"

"Zinalala zenyewe. Mimi nani hunilaza?"

Mzee akakunja mkono wa shati. "Ego," akakubali kwa Kiha. "Chukueni upesi." Salome akapona.

Sasa nimestaafu. Maabara siku hizi zina mashine zinazohesabu chembe zote kabla hujamaliza kupiga chafya, nami nafurahi, ingawa sijaona bado mashine ya kumbembeleza mkwe. Kazi yetu haikuwa na sifa nyingi. Wagonjwa walitukumbuka kwa sindano. Hata hivyo niliipenda, na ningeirudia kesho kama magoti yangekubali.

Juzi sokoni Mwanga nilikutana na Mzee Ntakije, sasa anatembea na fimbo. Salome alikuwa hatua chache mbele yetu, anabishana na muuza samaki, wale migebuka wa ziwani. Mzee akanivuta kando.

"Daktari, ile damu yangu. Kweli iliisha mwilini mwake?"

"Iliisha zamani, mzee. Uliambiwa."

Akamtazama Salome.

"Anawaambia watu mimi ni baba yake wa damu," akasema. "Ananipikia. Nisipomeza dawa ananifokea mbele ya wageni." Kisha akashusha sauti. "Tafadhali, usimwambie."