Kompresa ya Baba na Sauti ya Mama

Mvua ikipiga bati la kanisa letu, mtu hakumsikia hata aliyekaa ubavuni mwake. Kanisa lilikuwa pembezoni mwa shamba la chai, si mbali na soko la Kiptere huko Kericho, na lilikuwa la mabati kuanzia paa mpaka kuta. Asubuhi palikuwa na ibada ya Kikipsigis, lugha ya wenyeji. Sisi watu wa kutoka pande za ziwani tulipewa ibada ya Kiswahili baada ya chakula cha mchana, saa ambazo mvua nayo ilikuwa na desturi ya kuja kanisani. Sikumbuki mtu akilalamika. Tuliimba pamoja na mvua, na kazi ya baba yangu ilikuwa kuhakikisha inashindwa.

Siku za kazi Baba alikuwa kiwandani, na alirudi nyumbani akinukia majani ya chai hadi kwenye kola. Jumapili alipiga kinanda na kusimamia mitambo ya sauti. Kulikuwa na ikwalaiza, yenye safu ya vitufe vya kusukuma juu na chini, kila kimoja na sauti yake, kuanzia besi mpaka zile nyembamba. Besi aliishusha karibu yote, kwa kuwa bati lenyewe lilinguruma vya kutosha, na zile nyembamba alizipandisha zipenye katikati ya matone. Kompresa ilibidi anieleze, maana mimi niliijua ile ya gereji tu, ya kujaza upepo. "Hii inashika mtu akipiga kelele, inamrudisha chini," alisema. "Halafu mimi napandisha wote pamoja. Hata yule ananong'ona anasikika." Niliona ni mashine yenye haki kuliko walimu wetu wa shule.

Mama ndiye aliyeongoza kwaya. Wiki nzima alichuma chai, lakini Jumapili hungedhani ni yeye. Ubeti wa kwanza aliuimba kama anayezungumza na mtu jikoni, na wa mwisho aliufungulia mpaka watu wakasimama bila kuambiwa. Mwaka nilipokuwa darasa la sita sauti hiyo ilianza kukwaruza. Nyumbani aliacha kutuita kwa majina, akawa anagonga sufuria kwa mwiko nasi tunakuja kula. Alisukutua maji ya chumvi, akatafuna tangawizi, akasema ni baridi ya alfajiri shambani. Kwenye kwaya nilisimama naye bega kwa bega. Sikioni mwangu ilifika pumzi tu, lakini kwenye spika alitoka Mama yule yule wa siku zote. Wiki baada ya wiki pumzi ilipungua, na spika haikubadilika. Muuguzi wa zahanati alimwambia aende hospitali kubwa apimwe koo. "Kwani kanisani hawanisikii?" Mama alimjibu. Na kweli walimsikia, tena walimpongeza mlangoni wakitoka.

Shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, kwaya ilialikwa kuimba katika kanisa la nyumbani kwao Mama, karibu na ziwa. Huko jua lilikuwa kali na bati lilikuwa kimya kabisa. Baba alipanga mitambo kama alivyoipanga siku zote, yaani kwa ajili ya mvua. Hakuna aliyemkosoa, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuimba na mitambo hiyo mahali pasiponyesha. Mama alipofungua mdomo, spika zilipiga yowe na watoto wakaziba masikio.

"Shemeji, zima hiyo kitu," alisema Mama Mkubwa, dada yake Mama, akiwa ameshasimama. Alisema kwa Kiswahili ili hata wanakwaya Wakipsigis tuliokuja nao waelewe. "Huyu ni dada yangu. Hapa hatujawahi kumsikia na machine."

Baba akazima. Kwaya ilianza, Mama akaingia kwenye ubeti wake, na hakuna kilichotoka. Midomo ilisogea, mishipa ya shingo ikamsimama, na nje tulisikia kuku. Mama Mkubwa alitembea mpaka mbele, akamwekea kiganja kooni kama anayempima mtoto homa. "Sauti yako iko wapi?" alimuuliza. Mama akamgeukia Baba, ambaye kidole chake kilikuwa bado kwenye swichi.

"Mimi nilikuwa naongeza kidogo tu kila Jumapili," Baba alisema. "Nilidhani ni mvua imezidi."

Kesho yake walimpeleka Kisumu. Daktari alisema uvimbe ulikuwa umekaa kooni kwa miezi mingi, na kwamba angeletwa mapema wangeuondoa. Mama hakurudi Kericho. Tulimzika nyumbani kwa kina Baba, na mimi sikulia. Shangazi zangu waliniambia nijikaze, nikashangaa, kwa kuwa sikuwa na kitu cha kukaza. Nilirudi shuleni, nikala chakula changu, nikafanya mitihani na kufaulu. Baba naye alirudi kwenye kinanda. Hatukugombana wala hatukukumbatiana, na hali hiyo ilikaa nasi muda mrefu mpaka nikaizoea.

Leo naishi mjini Bomet na kufanya kazi ofisini. Kanisa lile limewekwa dari, na mvua inasikika kwa mbali tu. Kwaya za siku hizi zinajirekodi kwa simu, na simu inasawazisha sauti yenyewe bila kuombwa. Enzi zetu kulikuwa na mtu aliyezungusha kitufe kwa mkono wake, na ukimuuliza alikuwa na jibu, hata kama jibu lenyewe lilichelewa. Simu sijui mtu angeiuliza nini. Mwaka huu Baba alinipa kanda za ibada za mwaka ule, alizokuwa akizirekodi moja kwa moja kutoka kwenye mitambo. Binti yangu, ambaye sasa ana umri niliokuwa nao wakati ule, aliniomba nimwekee zile ambazo nyanya yake aliimba kabla hajaugua. Nimezisikiliza zote, nikitafuta Jumapili ambayo sauti inaanza kupungua. Sijaipata. Kwenye kila kanda Mama ni mzima.