Mwaija na Kipupwe cha Vitabuni

Mwaija amelima mwani Mlingotini, Bagamoyo, miaka ishirini na sita, na kwa mwani huo amesomesha watoto watatu. Mwani mnene anaoulima hauvumilii joto; maji yakizidi moto hugeuka mweupe ukakatika. Ndiyo maana mbegu zake, vipande vya mwani wenyewe, huzihifadhi mkondoni, kwenye kina, akingoja kipupwe. Asubuhi za Juni huingia majini mpaka magotini. Miguu ikifa ganzi, anapanda, mbegu akizifunga kwenye kamba.

Mimi nilimwona hajui kitu. Sikuvuka darasa la saba, lakini nimesoma kila karatasi iliyonipitia, hata zilizofungia vitumbua. Najua kwamba mbali kusini mwa Bahari ya Hindi kuna mgandamizo mkubwa wa hewa, na ukiimarika husukuma upepo wa baridi hadi kwetu. Zamani wazee wa Bagamoyo walivaa makoti Julai, wakaota jua hadi saa nne. Leo vijana wanalala na feni mwaka mzima, wala hawaoni walichopoteza.

Juni iliyopita redio ilitangaza kwamba mgandamizo umeimarika. Nikatembea kutoka kwangu Zinga kumpelekea Mwaija habari, nimevaa sweta ili aone ushahidi. Aliniamkia, akasema maji bado ya moto. Nilimweleza nusu saa nzima kwamba miguu haijui mambo ya anga, na jasho likinitiririka mgongoni. Alinisikiliza kwa adabu, mwisho akakubali kupanda.

Upepo ulikuja kweli, tena mkali. Baridi haikuja. Bahari unayoivuka upepo huo imepata joto miaka yote hiyo niliyokuwa nikisoma, na mimi nilikuwa bado kwenye kurasa za zamani.

Baada ya mwezi nikasikia mwani wa Mwaija umekuwa mweupe. Mbegu zikifa, hana pa kuanzia. Nikaenda kumwomba radhi.

"Umekufa wote?" nilimwuliza.

"Ule wako wote, Mzee Leodgar."

"Kamba ngapi?"

"Moja. Ningekukatalia vipi, na jua lile umelivalia sweta?"

Wakulima wenzake waliokuwa karibu walicheka mpaka wakaweka ndoo chini. Mbegu nyingine zote zilikuwa mkondoni, nzima. Nilishukuru, nikaona aibu, nikashukuru tena.

Akanipa ile kamba nifungue vifundo, itumike maji yakipoa. Nikamwuliza yatapoa lini. Alisema hajui, Julai ilikuwa inaisha. Kisha akaniuliza mimi naonaje. Nikaendelea na vifundo.