Ndoo ya Tatu ya Makapi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi samaki walianza kupanda juu. Niliikumbuka saa hiyo juzi, nilipopita Bugene nyuma ya nyumba wanakokamua ndizi za pombe ya rubisi na kukutana na harufu ya makapi. Baba aliwafuga perege ziwani, ndani ya uzio wa mianzi aliousimika kati ya mafunjo, na makapi ndiyo yalikuwa chakula chao.

Walijaa juu ya maji, wakifungua na kufunga midomo.

"Tata, wana njaa," nilimwambia baba.

Alicheka. "Walafi hawa! Kama wajomba zako harusini."

"Jana uliwapa ndoo mbili," mama alisema kutoka ukingoni. "Na maji yananuka."

"Wewe tazama chungu chako, samaki niachie."

Akamwaga ndoo ya tatu. Nilimsaidia kuyasambaza makapi kwa mikono, yakiwa vuguvugu na yenye povu. Miaka mingi baadaye nilisoma kitabuni kwamba samaki wakifanya vile hawaombi chakula. Wanatafuta hewa, kwa sababu makapi yakioza huimaliza hewa ya majini.

Kufikia saa nne walikuwa wakielea, matumbo juu. Mnunuzi wa Kayanga alikuwa aje Jumamosi kuwachukua kwa shilingi elfu moja kila mmoja, na fedha hiyo ndiyo ingenipeleka kidato cha kwanza. Baba aliniambia niwahesabu. Walikuwa mia tatu na arobaini. Shilingi laki tatu na elfu arobaini.