Jiwe Nililoligusa

Mama yangu alifariki bila kuamini kwamba nilikuwa mwanamichezo. Nilimweleza kwa simu kutoka Birmingham: kuna jiwe zito lenye mpini, karibu kilo ishirini, mtu mmoja analisukuma lisererike juu ya barafu, na wengine wawili tunakimbia mbele yake tukisugua barafu kwa mafagio ili lizidi kwenda. Mwisho wa uwanja kuna duara, na jiwe lililo karibu zaidi na kitovu chake ndilo linaloshinda. Mama akauliza, "Kwa hivyo umevuka bahari ukaenda kufagia?" Siku hizi nacheka nikikumbuka. Siku ile nilimkatia simu.

Nilifagia misimu kumi na miwili. Siku za kazi nilikuwa mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee huko Shard End, na Jumamosi alfajiri nilikuwa Digbeth nikisubiri basi, ufagio begani, kwa kuwa uwanja wetu ulikuwa mbali na mji. Aliyeniingiza katika mambo hayo ni nahodha wetu, mama mmoja wa Kiingereza, mpishi mstaafu wa shule, aliyeishi mitaa miwili kutoka kwangu. Alikuja pale kazini kumwona dada yake, akanikuta nikimgeuza mzee kitandani. "Una mabega," akaniambia. "Jumamosi una shughuli gani?" Nikaenda kwa udadisi tu, nikaanguka mara tatu, na wiki iliyofuata nikarudi. Wakati ule watu wengi wa mji ule walinijua kwa glavu na aproni. Yule mama aliniita mchezaji, nikampenda kwa hilo, na bado nampenda.

Mchezo wenyewe una jambo moja ambalo wageni hawaliamini. Hakuna mwamuzi anayekufuata nyuma na filimbi. Ufagio wako ukiligusa jiwe lenu likiwa njiani, ni wewe mwenyewe unayeinua mkono na kusema, nimeligusa, na jiwe linaondolewa. Nahodha alitufundisha hilo kabla hajatufundisha hata kusimama wima. Mara mbili niliwahi kuinua mkono, katika mechi zisizo na uzito wowote, nikajiona mtu mwaminifu kupindukia.

Kisha tukafika fainali, ya kwanza na ya mwisho katika maisha yetu. Limebaki jiwe moja, nalo ni la nahodha. Wapinzani walikuwa na jiwe lao karibu na kitovu, lakini mchezaji wao wa mwisho alikuwa amelisukuma la kwake kwa woga, likaishia njiani, na nafasi ikabaki wazi. Nahodha akapiga goti, akaliachilia jiwe. Tukasugua kwa nguvu zetu zote. Katikati ya uwanja mguu wangu uliteleza, na ncha ya ufagio ikaligusa. Ulikuwa mguso mdogo, kama kucha ya mtoto, lakini niliusikia hadi kwenye kiwiko. Mwenzangu alikuwa ameinamia upande wake, hakuona. Nahodha alikuwa bado kule nyuma. Jiwe likaenda, likasimama karibu na kitovu kuliko lao, na watu wakaanza kupiga makofi.

Nilikuwa na muda wa kutosha kuinua mkono. Huo ndio ukweli, na sitaki kuupamba. Nilimwona nahodha akija mbio juu ya barafu, mwanamke wa miaka sitini na minane akilia kwa furaha, nikajiambia siwezi kumvunja moyo mtu huyu. Nikanyamaza. Tukavishwa medali.

Miaka ikapita. Magoti yangu yakakataa, nikaacha kucheza. Kisha kumbukumbu za nahodha zikaanza kumponyoka, na alipoona hawezi tena kukaa peke yake, yeye mwenyewe alichagua kuja kwenye nyumba yetu kwa sababu nipo. Namwogesha, namvika, namkatia mkate. Jina la mwanawe humpotea kwa siku nzima. Lakini kila asubuhi chai ikishafika humsimulia yeyote aliye karibu habari za lile jiwe, bila kukosea hata kidogo, na akifika mwisho hunigeukia mimi, shahidi wake. "Lilikuwa safi, sivyo?"

Kwa miezi mingi nilimjibu, "Safi kabisa, Nahodha." Halafu nilikuwa narudi nyumbani nimefura. Binti yangu aliniuliza siku moja, "What's wrong with you, Mum?" nami nikamwambia aende akaoshe vyombo.

Asubuhi moja ya Februari neno lile lilinikwama. Nilipiga goti mbele ya kiti chake nikamwambia, "Nahodha, halikuwa safi. Nililigusa kwa ufagio, nikanyamaza."

Alinitazama, na kwa kitambo kile alikuwa yule yule wa zamani, mzima. Akalia, akataka aletewe koti lake.

"Umewaambia wale tuliocheza nao?" akauliza.

"Hapana."

"Basi kwa nini unaniambia mimi?"

Alilia hadi mwenzangu wa zamu, Mkenya kama mimi, akaja kunivuta kando. "Dada, wacha hiyo maneno," akasema. "You're upsetting her, na after lunch atakuwa ameshasahau. Sasa hapo umemsaidia na nini?"

Alisema kweli. Baada ya chakula nahodha alikuwa akimsimulia fundi wa madirisha habari za jiwe lake, uso umemchangamka, akanigeukia kama kawaida. Nilikwenda stoo nikasimama kati ya maboksi ya glavu, nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mimi.

Swali lake halikuniacha. Yeye alikuwa amelisahau, na mimi ndiye niliyebaki nalo. Ilinichukua wiki tatu kuipata namba ya nahodha wa timu ile nyingine, na siku mbili zaidi kuthubutu kuipiga. Nilimweleza kwa maneno machache, maana yalikuwa machache. Kisha akaniambia kwamba yule mchezaji wao wa mwisho, aliyelisukuma jiwe likaishia njiani, hakurudi tena barafuni tangu siku ile. Miaka yote hii amekuwa akijilaumu kwamba aliwaangusha wenzake.

"Nitamwambia leo hii," akasema. "Asante kwa kupiga. Lakini siwezi kukwambia kwamba si kitu."

Sikutaka aniambie hivyo. Medali niliitia kwenye bahasha nikaituma kwa posta.

Nikabaki na nahodha wetu. Kukiri tena kwamba nilidanganya ni kumliza upya kila asubuhi, na kusema safi nisingeweza tena. Siku iliyofuata nilimletea chai, akasimulia, akafika mwisho, akanigeukia.

"Nahodha," nikamwambia, "ile mechi tulishindwa."

Nikashika mkono wa kiti chake nikingoja machozi.

"Tulishindwa?"

"Tulishindwa."

Akafikiri kidogo. "Kwa jiwe moja?"

"Kwa jiwe moja."

"Wenzetu walicheza vizuri?"

"Walicheza vizuri, Nahodha."

"Basi walistahili," akasema, bila uchungu wowote, akanisogezea kikombe nimwongezee chai. Nilimimina hadi chai ikafurika kwenye kisahani. Miaka yote ile nilikuwa nikijiambia kwamba nilinyamaza kwa ajili yake.