Mkwe Alipotoka Chumbani

Ipo siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, wewe unayejiuliza kama ubingwa wa magonjwa ya wazee unamfaa daktari kijana. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi ya udaktari hapa Kyela, nyumbani kwetu, na mkubwa wangu alikuwa daktari mpole aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine.

Aliletwa mzee wa Ngonga, mkulima wa mpunga, ambaye siku hizo alikuwa akianguka ovyo. Aliyemleta ni mke wa mwanawe, na walikuja kila mmoja kwenye baiskeli yake ya abiria. Mkubwa wangu akamkaribisha yule mama ndani, asaidie kueleza. Akamuuliza mzee: unalala vizuri? Haja ndogo unakwenda mara nyingi? Mzee kimya, macho sakafuni.

"Akili imeshachoka," mkubwa wangu akaninong'oneza. "Uzee huo. Arudi nyumbani, wamwangalie tu."

Nikaogopa. Akirudi hivyo, anguko linalofuata lingemmaliza. Nami nilikuwa nimemwona yule mama amejibana ukutani, kajifunika kitenge usoni. Kwetu Wanyakyusa, hasa wa zamani, mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani, ndiyo heshima yao. Na wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkubwa. Nikamwomba mama atoke kidogo.

Mlango ulipofungwa, mzee akainua kichwa, akamkazia macho mkubwa wangu. "Mwanangu daktari, ulitaka nitaje mkojo wangu mbele ya mkwe? Huko kwenu mnafanya hivyo?"

Kisha akaeleza yote bila kubabaika. Anameza vidonge vya presha alivyopewa hapa, na vingine alivyotumiwa na mwanawe kutoka Mbeya. Usiku kucha yuko chooni, akisimama kizunguzungu kinamtupa chini. Kumbe dawa ni ileile ya kukojoza, majina mawili! Tukamwachisha moja, na mpunga ulipoiva alikuwa shambani anagombana na ndege. Ng'ombe hazeeki maini.

Mkubwa wangu hakununa, Mungu ambariki. "Wewe kasomee wazee," akaniambia. Wenzangu wakanicheka, eti nakwenda kutibu watu wanaoaga. Nilikwenda, na sijajuta hata kidogo.

Basi nakwambia wazi: kasome. Mabingwa wa wazee ni wachache, na wazee wako kila kijiji, kuanzia Ipyana mpaka ufukweni. Utafundishwa moyo, mifupa na kumbukumbu, utafundishwa na kupunguza dawa, kazi ngumu kuliko kuongeza. Lakini kabla hujasema mzee amepoteza akili, tazama ni nani yumo chumbani, kisha umuulize akiwa peke yake.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kunisikiliza. Mungu akupe masikio ya subira na mikono ya upole. Na siku nitakapoletwa mbele yako nimenyamaza, mwanangu, usiseme nimekwisha. Niulize tena.