Uso wa Mama Gaspari

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya uchapaji ya misheni, pale Singida mjini, Msimamizi alinipa patasi ndogo na kipande cha lino, lile zulia laini kama mpira linalotandikwa sakafuni. "Unachokikata kitabaki cheupe," aliniambia. "Unachokiacha ndicho kitashika wino. Na cha kulia kitatokea kushoto." Kwa miezi kadhaa nilikata majani ya alizeti tu, kabla hajaniruhusu kugusa uso wa mtu.

Baadaye nilihamishiwa Manyoni, kuchapa kalenda chini ya Katibu wa Idara ya Uchapaji ya misheni. Niliporudi Singida nilikuwa fundi kamili. Mkurugenzi wa karakana, padre mgeni pale, akanikabidhi kazi ya kuchapa picha za vituo kumi na vinne vya Njia ya Msalaba.

"Sitaki watakatifu wa kwenye kadi," alisema. "Nataka maumivu ya watu wa hapa."

Kituo cha nne, Yesu anapokutana na mama yake, kilinishinda. Kila nilichochapa nilikichana. Wakati huo jirani yangu wa Unyambwa, Mama Gaspari, alifiwa na mwanawe wa pekee, aliyegongwa na lori. Jeneza lilipofikishwa nyumbani, mama alisimama mlangoni, mdomo wazi bila sauti, mkono umekamata khanga kifuani. Nikatoa penseli, nikainama, nikamchora nyuma ya bahasha. Halafu nikaondoka kwenda karakana kabla sura ile haijanitoka kichwani.

Picha ilitundikwa ukutani kanisani, ikasifiwa. Parokia za mbali ziliagiza nakala. Ijumaa moja ya Kwaresima, waumini waliposogea kituo cha tano, Mama Gaspari alibaki cha nne. Baada ya ibada alinisubiri nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yule ukutani ni mimi."

"Ndiyo, mama."

"Siku ile nilikuwa nawatafuta majirani zangu kwa macho. Wewe nilikuona umeinama. Nikadhani unalia."

Akaenda zake. Kesho yake nilimwomba Mkurugenzi aniruhusu kukata uso mwingine.

"Watu wanasali kwa machozi mbele ya picha hii," alijibu. "Unataka kuwanyang'anya?"

Ningeweza kusisitiza. Kibao cha lino kilikuwa kabatini mwangu, patasi mkononi. Niliiacha picha ukutani, na si kwa heshima ya padre. Nilipenda kusifiwa.

Toka hapo Mama Gaspari akawa anasali kigango cha mbali, kwa miguu. Kila Jumapili alipita mbele ya nyumba yangu, akaitikia shikamoo yangu bila kusimama. Nilipanga mara nyingi kwenda kumwomba radhi. Alifariki nikiwa bado napanga.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaosomea uchoraji hunitembelea, wananiuliza niliupataje ule mdomo. Nawaonyesha patasi na namna ya kuilaza. Kisha nawaambia kwamba Gaspari alizikwa saa kumi jioni, na mimi, jirani yake, sikuwepo.